Asilimia 2 ya mshahara inanunua nini? Tathmini ya huduma ya chama cha wafanyakazi, Tabora

Anayelipwa 600,000 kwa mwezi, akikatwa ada ya asilimia 2, anatoa 12,000. Kwa mwaka ni 144,000. Ukiwauliza wengi wamepata nini, watakuonyesha fulana ya Mei Mosi, tena isiyowatosha. Kwa fulana, bei hiyo ni wizi. Kwa kile ambacho sheria imekiweka mezani, ni rahisi mno. Tofauti iko kwenye tawi la pale kazini. Ofisi ya mkoa, hata ikiwa na feni na zulia, haijui nani kanyimwa likizo.

Anza na hati yako ya mshahara. Palipo na makubaliano ya ada ya uwakala, yaani chama kinachowasemea wafanyakazi wote kulipwa na wote, hata asiye mwanachama anakatwa, ila hapigi kura. Hivyo kuona makato peke yake hakutoshi: hakikisha ulijaza fomu TUF 6, ile inayompa mwajiri ruhusa ya kukata ada ya chama. Akishakata, mwajiri ana siku 7 baada ya mwezi kuisha kuzifikisha fedha chamani. Akizikalia bila sababu ya msingi, anadaiwa asilimia 5 ya kiasi hicho kwa kila siku. Ni kifungu cha 61 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, na katibu anayekijua hapigwi danadana na mhasibu.

Udhaifu mkubwa uko kwenye uwakilishi. Sheria inatoa mwakilishi 1 kwa wanachama 1 hadi 9, watatu kwa 10 hadi 20, kumi kwa 21 hadi 100, na 15 wakizidi 100, watano kati yao wakiwakilisha wanawake. Maana yake ghala la tumbaku lenye wanachama 60 lina haki ya wawakilishi 10, mmoja kwa kila watu sita. Nenda ukahesabu: mwenyekiti, katibu, mhazini, basi. Wote wa ofisini, wote wa mchana. Wapakiaji wa zamu ya usiku hawana wa kumwambia.

Tawi lililo hai utalijua kwa kaunta buku. Safu tano: jina, zamu, mwanachama au bado, jambo linalomkera, tarehe lilipotokea. Hiyo ya mwisho ndiyo yenye thamani. Shauri la kuachishwa kazi sekta binafsi linatakiwa kufika CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30, madai mengine siku 60. (Watumishi wa umma wana njia yao, kuanzia Tume ya Utumishi wa Umma.) Katibu anayejibu "tulilete kikao cha mwezi ujao" ameshakula muda wote wa mwenzake, na kuomba kuongezewa muda ni shauri jingine lenye jasho lake.

Ugonjwa huu una historia. Rashidi Kawawa, aliyesoma Tabora, alikuwa katibu mkuu wa kwanza wa TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi Tanganyika lililoundwa 1955, na shirikisho lile lilikuwa na meno. Mwaka 1964 likavunjwa, ikaja NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote, ambacho katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais. Ukiteuliwa kutoka juu, unaangalia juu. Vyama vya leo vinachagua viongozi, lakini tabia ya kungoja simu ya makao makuu haijaisha.

Panapofanya kazi vizuri, mambo huanza padogo: dakika kumi za mapumziko chini ya mwembe, jambo moja linaloshindika, mfano barakoa za vumbi la tumbaku. Barua moja, sahihi za zamu zote, nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi, tarehe ya kufuatilia. Barakoa zikija, fomu zinajazwa bila kubembelezwa. Wanachama wakivuka nusu ya wafanyakazi wa kitengo husika, chama kinatoa notisi ya kutambuliwa kama msemaji wao kwenye majadiliano, na mwajiri anatakiwa kukutana nacho ndani ya siku 30. Wanaoanza na madai ya mshahara wakiwa wanachama wanane kati ya hamsini huishia kuonywa mmoja mmoja.

Kabla ya kusaini, muulize katibu wa tawi uchaguzi wa mwisho ulikuwa lini na nani anasimamia zamu ya usiku. Akikupa namba ya simu ya mkoa, saini hivyo hivyo, kisha chukua fomu ya kugombea.