Vitabu vya rejea vya patholojia: tazama rangi ya picha kabla ya kutazama bei

Mwaka jana nilinunua seti ya juzuu mbili za patholojia ya upasuaji, yaani uchunguzi wa tishu za wagonjwa kwa hadubini, kutoka kwa mchuuzi mmoja wa hapa Kampala kwa shilingi 600,000. Alinihakikishia kwamba vitabu ni halisi, na mimi nikaridhika kwa kuona jalada gumu, karatasi nyeupe na ukurasa wa hakimiliki ukiwa mahali pake. Wiki tatu baadaye niliketi mbele ya hadubini nikiwa na bayopsi (kipande cha tishu) ya shingo ya kizazi ya mama mmoja, na slaidi yake ya p16, protini ambayo kipimo chake huipaka kahawia, ilikuwa na madoa ya kahawia yaliyokatika-katika. Nilifungua kitabu changu kipya ili nilinganishe. Picha iliyoelezwa kuwa ya madoa yaliyotawanyika, ambayo huhesabiwa kuwa hasi, ilionekana ya kahawia kutoka tabaka la chini hadi juu, sawasawa na picha ya jirani yake iliyoelezwa kuwa chanya. Nilizitazama picha hizo mbili kwa muda mrefu nikidhani macho yangu yamechoka.

Macho yangu hayakuwa na kosa. Katika chapa halisi, viini vya seli visivyoshika rangi ya kahawia hubaki na buluu ya hematoksilini, rangi ya kupaka viini, na ni buluu hiyo inayomwonyesha msomaji mahali ambapo p16 haipo. Katika kitabu changu buluu ilikuwa imegeuka kuwa kijivu chenye kahawia, hivyo nafasi zote zilikuwa zimezibwa. Siku ya pili mwenzangu alinionyesha picha ile ile katika nakala yake halali ya kidijitali, na tofauti ya hasi na chanya ilikuwa wazi kama mchana. Lau ningalikiamini kitabu changu, ripoti ingalisema kwamba kuna mabadiliko makubwa yanayotangulia saratani, na yule mama angalipelekwa kukatwa sehemu ya shingo ya kizazi bila sababu.

Tangu hapo wenzangu wawili, mmoja wa Mbale na mwingine wa Gulu, wameniuliza wanunue kitabu gani, nami nimeona ni afadhali niwajibu kwa maandishi. Sitagusa idadi ya kurasa, umaarufu wa waandishi wala wepesi wa lugha, kwa maana kila daktari anaweza kuyapima hayo mwenyewe. Ninataka tuzungumze juu ya picha, kwa sababu kazi yetu huanza kwa jicho na jina la ugonjwa huja baadaye, na kitabu chenye maneno sahihi na picha zilizopotoka rangi ni hatari kuliko kukosa kitabu kabisa.

Nakala nyingi za bandia huchapwa kutoka faili la kompyuta ambalo picha zake zimekwisha kubanwa ili faili liwe jepesi. Faili hilo hupelekwa kwenye mashine ya wino wa rangi nne bila mtu wa kusawazisha rangi, na karatasi ya bei nafuu hunyonya wino hadi mipaka ya seli inatawanyika. Waridi ya eosini, rangi inayopaka sehemu za seli zilizo nje ya kiini, huelekea rangi ya chungwa na zambarau ya viini hufifia. Mtu anayesoma maandishi hataona upungufu wowote, na ndiyo maana udanganyifu huu hudumu.

Kabla ya kutoa fedha, omba kufungua kurasa tatu, na uzitazame karibu na dirisha, si chini ya taa ya manjano ya dukani. Ya kwanza ni picha ya rangi ya Ziehl-Neelsen: bakteria wa kifua kikuu wanapaswa kuonekana kama vijiti vyekundu juu ya usuli wa buluu, na kama unalazimika kuwatafuta kwa kukisia, funga kitabu. Ya pili ni picha yoyote ya imunohistokemia (kipimo kinachotia rangi protini fulani kwa kutumia kingamwili, kama kile cha p16) ambamo seli hasi na seli chanya zimekaa pamoja. Ya tatu ni amiloidi, protini inayojikusanya isivyo kawaida katika tishu, iliyotiwa rangi ya Congo red na kutazamwa kwa mwanga wa polaroidi, ambayo inatakiwa kung'aa kijani cha tufaha. Ukikuta kijani hicho kimekuwa kijivu, usinunue hata kama bei imepunguzwa nusu. Soma pia maelezo yaliyo chini ya picha, uone kama yanataja rangi iliyotumika, kwa kuwa picha isiyotaja rangi yake haiwezi kupimwa na mtu yeyote.

Sasa niseme waziwazi ninachokipenda. Nafasi ya kwanza naipa mfululizo wa WHO Classification of Tumours, yaani uainishaji wa uvimbe wa Shirika la Afya Duniani (WHO), toleo la tano, ambao wengi wetu huuita vitabu vya buluu. Hutolewa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, lililoko Lyon, Ufaransa. Toleo hili lilianza mwaka 2019 kwa juzuu za mfumo wa chakula na matiti. Zikafuata za tishu laini na mifupa na za viungo vya uzazi vya mwanamke mwaka 2020, kifua na mfumo wa neva mwaka 2021, kisha mfumo wa mkojo na viungo vya uzazi vya mwanamume mwaka 2022. Juzuu za damu na limfu na za kichwa na shingo zilichapwa mwaka 2024. Kila ugonjwa una sehemu fupi inayotenganisha vigezo vya lazima na vigezo vya kutamanika, na kwetu sisi ambao hatuna kila kipimo sehemu hiyo ni neema, kwa sababu inakuonyesha mahali unapoweza kusimama kwa slaidi ya kawaida na mahali unapopaswa kukiri katika ripoti kwamba kipimo fulani hakikufanyika.

Hakuna haja ya kununua mfululizo mzima. Kwa Uganda ningeanza na juzuu ya viungo vya uzazi vya mwanamke, kwa kuwa saratani ya shingo ya kizazi inaongoza kwa wanawake wetu, na toleo hili limeigawa katika ile inayohusishwa na virusi vya papiloma na ile isiyohusishwa navyo. Kipimo cha p16 kinakubaliwa kuwa dalili ya virusi hivyo, na pale kisipopatikana juzuu inaruhusu kuandika saratani ya seli bapa isiyobainishwa zaidi. Mwenye kitabu cha zamani hawezi kuandika ripoti ya namna hiyo, hata awe hodari namna gani.

Juzuu ya pili iwe ya damu na limfu. Ni hapa katika hospitali ya Mulago ambapo daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliwaona watoto wenye uvimbe wa taya akauandika mwaka 1958, na kwa miongo mingi tumefundishwa kuigawa limfoma hiyo ya Burkitt, ambayo ni saratani ya chembe za limfu, katika aina ya ukanda wetu, aina ya kwingineko na aina ya upungufu wa kinga. Toleo la tano linapendekeza kuigawa kwa kuwepo au kutokuwepo kwa virusi vya Epstein-Barr, popote mgonjwa alipo. Fahamu pia kwamba mwaka 2022 kundi jingine la wataalamu lilitoa uainishaji wake wa magonjwa ya damu, uitwao ICC, na baadhi ya madaktari wa saratani watakuuliza umefuata upi, hivyo uandike katika ripoti. Juzuu ya tishu laini ije ya tatu kwa ajili ya sarkoma ya Kaposi, kisha ya mfumo wa chakula kwa ajili ya umio, na ya mfumo wa mkojo na viungo vya uzazi vya mwanamume kwa ajili ya tezi dume.

Kuna jambo jingine katika vitabu hivi linalofungamana na jicho. Toleo la tano huhesabu seli zinazogawanyika kwa milimita mraba, badala ya kusema nyuga kumi za lenzi kubwa (uga ni duara unaloliona ukitazama hadubini), kwa maana nyuga za hadubini hazilingani. Kwa lenzi ya 40, kipande cha macho chenye namba ya uga 18, iliyoandikwa juu yake, huonyesha duara la kipenyo cha milimita 0.45, na chenye namba 22 huonyesha milimita 0.55, hivyo eneo la pili ni kubwa karibu mara moja na nusu kuliko la kwanza. Pima hadubini yako, uandike kipenyo cha uga wake kwenye karatasi na kuibandika mezani.

Ila vitabu vya buluu vina kasoro ninayoijua: picha zake ni ndogo, na hazitoshi kwa mtu asiyewahi kuuona ugonjwa. Dawa yake ni tovuti ya mfululizo huo, inayopatikana kwa kulipia, ambayo ina slaidi nzima unazoweza kuzikuza na kuzisogeza. Mwenye intaneti ya uhakika ningemshauri alipie tovuti na kununua juzuu mbili tu za karatasi kwa ajili ya siku ambazo umeme umekatika.

Nafasi ya pili, kwa daktari anayefanya kazi peke yake katika hospitali ya mkoa, naipa Rosai and Ackerman's Surgical Pathology, toleo la 11, juzuu mbili. Vitabu vya buluu hushughulikia uvimbe pekee, hali wewe utaletewa pia tezi ya limfu yenye kifua kikuu na kibofu chenye mayai ya kichocho. Majina yake mengi ya uvimbe yalitangulia toleo la tano la WHO, kwa hiyo usiyanakili katika ripoti bila kuyahakikisha. Aliye katika hospitali ya saratani ataridhika zaidi na Diagnostic Histopathology of Tumors ya Fletcher, toleo la 5, kwa sababu ya majedwali yake ya kutofautisha uvimbe unaofanana.

Diagnostic Immunohistochemistry ya Dabbs, toleo la 6, naiweka ya tatu kwa maabara yenye vipimo hivyo. Hiki ndicho kitabu kinachoharibiwa zaidi na chapa ya bandia, kwa kuwa karibu kila picha yake inategemea kahawia na buluu kutengana. Kinunuliwe halisi au kisinunuliwe.

Robbins and Cotran ni kitabu kizuri cha mwanafunzi wala si cha kuandikia ripoti. Inaniuma kuona rafu za maktaba zikijazwa nakala zake kumi bila hata juzuu moja ya buluu, kana kwamba daktari akishahitimu hahitaji tena kusoma.

Kwa asiye na fedha, vipo vya bure: tovuti ya PathologyOutlines, miongozo ya ripoti ya ICCR, ushirikiano wa kimataifa kuhusu ripoti za saratani, na makala ya muhtasari wa WHO kuhusu limfoma iliyotoka katika jarida la Leukemia mwaka 2022. Taasisi za Uganda huingia Hinari, mpango wa WHO unaofungulia majarida na vitabu vya tiba, bila malipo, kwa hiyo muulize mkutubi wako nywila. Nakala za kudurufu siziweki katika orodha.

Sasa niwaseme wauzaji, kwa sababu wanastahili kusemwa. Wanavifunga vitabu kwa plastiki na kukataa visifunguliwe kabla ya malipo, ilhali sisi tunanunua picha, na hakuna mtu anayenunua kitambaa asichokiona. Wanatangaza toleo jipya bila kutaja mwaka. Wanataja bei kwa dola, wanachukua malipo ya awali kwa shilingi, kisha mzigo unapofika Entebbe wanadai nyongeza kwa madai kwamba dola imepanda. Baadhi ya wachapishaji huweka ndani ya jalada msimbo uliofunikwa kwa utando wa kukwangua, unaomfungulia mtu mmoja nakala ya kidijitali yenye picha safi. Nimeletewa kitabu kilichouzwa kama kipya hali utando wake ulikwisha kukwanguliwa, na muuzaji akasema kwamba msimbo huo hauna maana. Una maana kubwa, kwa kuwa ndio unaokuokoa picha ya karatasi inapokutia shaka, nawe una haki ya kupunguziwa bei ukiukosa.

Mchuuzi aliyeniuzia seti ile alikataa kunirudishia fedha. Nimeitoa katika chumba cha hadubini na kuiweka kwenye rafu ya nyuma, na juu ya jalada la kila juzuu nimeandika kwa wino mwekundu kwamba picha zake zisitumiwe kulinganisha rangi. Juzuu ya viungo vya uzazi vya mwanamke tuliinunua watatu kwa kuchangishana, inakaa mwezi mmoja kwa kila mtu, na mwezi huu iko mezani pangu, imefunguliwa kwenye ukurasa wa p16.