Inhela ya mara moja kwa siku: asubuhi au usiku?

Tunazungumzia dawa kama tiotropiamu, ambayo mgonjwa wa COPD (ugonjwa sugu wa mapafu unaobana njia za hewa) huvuta mara moja na ikafanya kazi saa 24. Salbutamoli ya kutuliza haimo humu. Hiyo huvutwa kifua kinapobana, saa yoyote.

Anayechagua usiku ana hoja. Njia za hewa hubana zaidi alfajiri, kama saa kumi hivi, na wagonjwa wengi husema asubuhi ndiyo mbaya kuliko zote: kikohozi, makohozi, hata kuvaa viatu ni kazi. Kwa hiyo huona bora dawa iwe bado mpya mwilini wakati huo. Hoja inavutia, ila tiotropiamu ilipopimwa kwa nyakati zote mbili, mapafu yalinufaika karibu sawasawa. Na usiku una adui wake, usingizi. Mtu amechoka, taa imezimwa, dozi imepita.

Asubuhi haisahauliki kirahisi, kwa sababu kuna mswaki. Kama inhela ina steroidi (dawa ya kupunguza uvimbe wa njia za hewa) ndani yake, faida ni mbili: unavuta kwanza, kisha unapiga mswaki, unasukutua na kutema, fangasi wa mdomoni wasipate nafasi.

Mimi ningechagua asubuhi. Mlinzi wa zamu ya usiku, anayeamka saa tisa alasiri, avute akiamka. Dozi ikisahaulika, ivute ukikumbuka siku hiyohiyo. Usivute mbili kufidia. Inhela za mara mbili kwa siku hazina mjadala huu: asubuhi na jioni, basi.