Jubilei ya Malkia 2022: The Mall au meza ya mtaani?

Kwa miaka 70 ya Malkia Elizabeth II kwenye kiti cha enzi, Waingereza walipata mapumziko ya siku nne, kuanzia Alhamisi tarehe 2 Juni hadi Jumapili tarehe 5.

Waliokwenda The Mall, barabara inayoelekea Kasri la Buckingham jijini London, waliona gwaride, Malkia akiwa roshanini mwa kasri, na ndege za kivita zikiunda namba 70 angani. Ni jambo la kusimulia wajukuu. Lakini ilibidi kudamka, wengine wakalala hapohapo kwenye mahema, na aliyekuwa nyuma aliona visogo vya watu tu.

Waliobaki mtaani waliomba kibali halmashauri, wakafunga barabara ili magari yasipite na kuunganisha meza katikati ya lami. Vibendera vya pembetatu vikaning'inia kutoka nyumba hadi nyumba. Kila jirani akaleta chake: sandwichi za kuku wa mayonezi na bizari, keki, chai. Watoto waliendesha baiskeli bila kuogopa gari, na mzee anayeishi peke yake akapata watu wa kuzungumza nao mchana kutwa. Mvua ya Jumapili iliwasumbua baadhi yao, lakini nyumbani palikuwa hatua chache tu.

Mimi ningechagua mtaa, hasa kwa mwenye watoto wadogo. Gwaride linaonekana vizuri zaidi kwenye televisheni.