Laptopu inachemka? Mpangilio wangu wa vitu vya kununua, kuanzia kinachosaidia kweli

Wakuu, joto la Dar la mwezi wa kwanza na wa pili mnalijua, chumba chenyewe kiko nyuzi 32 halafu ufungue Zoom na kurasa ishirini za Chrome, feni inaunguruma kama mashine ya kusaga na laptopu inaanza kuburuza. Hapo wengi wanakimbilia Kariakoo kununua ile feni ya kuweka chini yenye mataa ya bluu. Mimi hiyo naipa nafasi ya tatu, na hata hapo kwa masharti.

Kabla hujatoa hela pima kwanza. Pakua programu ya kupima joto, HWMonitor au Core Temp, zote bure, uangalie joto la prosesa (ile chipu kuu inayofanya kazi zote) ukiwa kwenye kazi zako za kawaida. Prosesa nyingi za Intel mwisho wake ni nyuzi 100, zikikaribia hapo zinajipunguza spidi zenyewe zisiungue, ndo maana mashine inakuwa nzito. Sasa weka mkono pale hewa inapotokea. Ikitoka kidogo, ya moto, na feni inapiga kelele, njia imeziba vumbi. Ikitoka kwa nguvu ila vuguvugu tu wakati programu inasomeka 95, basi pesti (ile krimu inayopakwa juu ya prosesa kupitisha joto) imekauka, joto limenasa kwenye prosesa halifiki kwenye feni.

Namba moja: pesti mpya na usafi wa ndani. Hakuna kitu kinaikaribia hii, hasa kwa hizi laptopu za mtumba, EliteBook, Latitude, ThinkPad, ambazo zimeshapiga kazi ofisini Ulaya miaka kadhaa na pengine hazijawahi kufunguliwa. Nunua pesti yako mwenyewe, Arctic MX-4 inajulikana na kibomba cha gramu 4 kinafanya laptopu kadhaa, halafu mpelekee fundi na ukae hapohapo uone anachofanya. Ile ya zamani ifutwe na alkoholi isiyo na maji mengi, mpya iwe kiasi cha punje ya mchele, sio kupaka kama mkate. Akipiga blowa aishike feni isizunguke, maana ikizungushwa kwa kasi kupita kiasi inaweza kufa. Akikwambia dawa ya meno inafanya kazi ileile ondoka, inakauka haraka sana na unarudi palepale. Na ile pesti ya chuma kimiminika msiiguse, ina galiamu ndani yake, inakula alumini, na ikidondokea kwenye mazabodi (bodi kuu ya ndani) inapitisha umeme, umemaliza.

Namba mbili: stendi. Laptopu nyingi zinavuta hewa kwa chini, kwahiyo ukiiweka kwenye godoro au mto umeiziba pua. Chukua stendi ya alumini ya kukunja, ya plastiki nyembamba inatikisika ukichapa. Ila ukiinua mpaka usawa wa macho utahitaji kibodi na mausi ya pembeni, hiyo gharama watu wanaisahau. Kama hela hakuna, visoda vinne kwenye kona vinatosha kabisa, siwatanii.

Namba tatu: feni ya chini, yaani ile pedi yenye feni ndani. Geuza laptopu uangalie matundu yako wapi, kisha ulinganishe na feni za hiyo pedi dukani. Zisipokutana unanunua taa. Feni moja kubwa iliyokaa chini ya matundu inashinda feni tano ndogo zilizotawanyika. Na kumbuka inapuliza hewa ya chumbani hiyohiyo ya 32, inakula umeme wa USB wa laptopu, kwahiyo siku umeme umekatika inakumalizia chaji. MacBook Air ya M1 haina feni wala matundu chini, kuiwekea hiyo kitu faida yake ni ndogo.

Namba nne: kifeni cha kunyonya kinachobanwa ubavuni. Kama hewa yako inatokea nyuma kwenye bawaba, na mpya nyingi ziko hivyo, hakina pa kukaa. Kelele pia. Mimi nisingenunua.

Barafu na chupa za maji yaliyoganda siziweki hata kwenye orodha, kwa unyevu wa Pwani huku maji yanajikusanya kwenye chuma baridi na yakiingia ndani ni kesi nyingine.

Cha bure: kwenye Windows ingia mipangilio ya umeme, sehemu ya prosesa, kiwango cha juu kabisa toa 100 weka 99. Ile mbio ya ziada ya prosesa inazimika, joto linashuka vizuri, na kwa Word na Excel hutaona tofauti. Kwenye baadhi ya laptopu hiyo sehemu imefichwa.

Na kama unanunua laptopu kabisa, soma herufi ya mwisho ya prosesa. i5-8250U imetengenezwa kwa wati 15, i7-9750H kwa wati 45, na hizo zote zinageuka joto mapajani mwako. Kama kazi yako sio gemu wala kuediti video chukua U. Dukani omba uiwashe, cheza video ya YouTube ya ubora mkubwa kama dakika kumi huku mkono uko pale hewa inapotokea, muuzaji akianza kukuharakisha nenda duka la pili.