Miezi 14 na gadi ya umeme kwenye tangi langu la samaki, Kigoma

Ninaishi Gungu, Kigoma mjini, na sebuleni kwangu kuna tangi la kioo la lita 240 lenye samaki wa Ziwa Tanganyika. Wengi wao ni Tropheus duboisi, ambao wakiwa wadogo huwa weusi wenye madoa meupe, na wakikomaa madoa hupotea, kichwa kikawa cha buluu na kiwiliwili kikavaa mshipi mmoja mpana. Nawapenda mno, na ndiyo sababu naandika kwa kirefu kuhusu gadi ya umeme, kifaa kinachokata umeme ukishuka au ukipanda kupita kiasi, ambacho wengi hukinunua kwa ajili ya friji bila kufikiri kwamba kinaweza kulinda tangi la samaki.

Kabla ya kukinunua, mota ya chujio langu la nje iliungua. Niliamini kwamba umeme ulirudi kwa nguvu ukaiunguza, nikaipeleka kwa fundi kijana aliyeifungua mbele yangu, akanionyesha gundi ya koili, yaani waya uliozungushwa ndani ya mota, iliyopasuka na kugeuka rangi ya kahawia.

“Mama, hii haikuuawa na umeme mwingi, ni umeme mdogo,” aliniambia.

“Umeme mdogo unaunguzaje, mwanangu?”

“Rota inashindwa kuanza kuzunguka, inatetemeka tu palepale. Koili inaendelea kupata moto, na maji yaliyotakiwa kuipoza hayapiti.”

Jioni ile ile nilipita dukani nikanunua gadi kwa shilingi 48,000. Ni ile yenye kioo kidogo kinachoonyesha volti kwa tarakimu, na ambayo mtumiaji anaweza kubadilisha mwenyewe kiwango cha chini, kiwango cha juu na muda wa kusubiri kabla ya kurudisha umeme. Ilitoka dukani ikiwa imewekwa kukata umeme ukishuka chini ya volti 185 au ukipanda juu ya 260, na kusubiri sekunde 180.

Kazi yake ya msingi inaifanya vizuri sana. Umeme wetu unatakiwa kuwa volti 230, lakini kioo kilinifundisha kwamba kuanzia saa moja jioni, watu wakianza kupika na kupiga pasi, nyumbani kwangu hushuka hadi 190, na siku mbaya nimesoma 163. Ukigusa mpaka, rilei, yaani swichi ya ndani ya gadi, inalia “ta!” na tangi zima linanyamaza. Umeme ukirudi baada ya kukatika, mara kadhaa nimeona tarakimu zikiruka hadi 258 kwa muda mfupi kabla ya kutulia. Tangu nimeifunga sijaunguza mota wala taa, na kwa hilo peke yake fedha yangu imerudi.

Kasoro yake niliiona Novemba, mvua zilipokuwa zimeshika kasi. Umeme ulikuwa ukicheza, kila baada ya dakika mbili hivi unashuka kisha unapanda, na kila uliposhuka gadi ilianza upya kuhesabu zile sekunde 180. Taa za nyumbani, kwa kuwa ni za LED zinazovumilia umeme mdogo, ziliendelea kuwaka kama kawaida, na taa ya tangi nilikuwa nimeizima mapema ili samaki wapumzike. Hakuna dalili yoyote iliyoniambia kwamba pampu ya hewa na chujio vilikuwa vimesimama kwa karibu saa nzima. Nilichokigundua kwanza ni ukimya, kwa sababu sauti ya maji yanayodondoka ilikuwa haipo. Niliposogea nikawakuta duboisi wote wamepanda juu, midomo imegusa uso wa maji, mashavu yakienda mbio. Nilichota maji kwa jagi na kuyamwaga kutoka juu, tena na tena, hadi umeme ulipotulia. Mmoja tu alikufa, na bado naona uchungu nikimkumbuka.

Zile sekunde 180 zina maana kwa friji, kwa sababu kompresa inahitaji muda ili presha ya gesi itulie kabla ya kuwaka tena. Pampu ya tangi haina haja hiyo. Nimeuweka muda huo kuwa sekunde 30, zinazotosha kupitisha ule mruko wa umeme unaporudi, na kiwango cha chini nimekiacha 185, kwa kuwa chini ya hapo mota yangu huanza kwa taabu.

Hata hivyo, gadi inalinda vyombo. Samaki haiwalindi, na hapa ndipo naona wauzaji hawasemi vya kutosha. Nimeongeza pampu ndogo ya hewa yenye betri ya kuchaji, ile inayojiwasha yenyewe umeme unapokosekana. Tafadhali angalia mahali unapoichomeka. Mimi mwanzoni niliichomeka kwenye soketi ya ukutani, na gadi ilipokata kwa sababu ya umeme mdogo, pampu ile haikujiwasha, kwa kuwa kwa upande wake umeme ulikuwa bado upo. Ilipaswa kuchomekwa kwenye ekstensheni inayotoka kwenye gadi, pamoja na vyombo vingine, ili gadi ikikata, nayo ihisi kwamba umeme umekwenda. Tangu niihamishe imenitumikia bila kukosea.

Jambo jingine linawahusu zaidi sisi tunaofuga samaki wa ziwa hili. Maji ya Tanganyika yana pH (kipimo cha uasidi au ualkali wa maji) inayokaribia 9, na nasi tunajitahidi kuyaweka matangi yetu hivyo. Katika maji ya pH 7 sehemu ya amonia, uchafu unaotolewa na samaki, iliyo katika hali yake ya sumu kali haifiki asilimia 1, lakini katika pH 9, kwa joto la nyuzi 25, inazidi theluthi. Chujio likisimama kwa saa nyingi, bakteria waliomo, ambao ndio huondoa amonia, wanakosa hewa na kuanza kufa, maji yaliyofungwa ndani yanaharibika, na gadi ikirudisha umeme inayasukuma yote kwenye tangi. Kwa hiyo umeme ukikosekana zaidi ya saa tatu, mimi huchomoa chujio, nikalifungua na kusuuza sponji zake kwa maji ya tangi lenyewe kabla ya kuliwasha.

Hita naitumia Juni na Julai tu, usiku unapokuwa baridi, na sina malalamiko nayo. Hata bila gadi, umeme ukishuka hadi 170, hita ya wati 100 hutoa kama wati 55 tu, haiungui. Radi zikianza kunguruma juu ya ziwa sitegemei gadi hata kidogo, nachomoa kila kitu ukutani na kuiacha pampu ya betri ifanye kazi. Pampu ya hewa nayo nimeitundika juu kuliko maji, ili ikizimika maji yasirudi kwenye mpira hadi ndani ya mota.

Kwa mtu mwenye tangi la ukubwa kama wangu ningesema anunue gadi ya aina hii, mradi tu iwe ile ambayo muda wake unabadilishika, na siku hiyo hiyo anunue pampu ya betri. Inverta, ile inayowasha vyombo kwa umeme wa betri, sijaona haja ya kununua. Kwa miezi hii 14 kitu pekee nilichobadilisha kwenye gadi ni plagi, baada ya kukuta mguu wake mmoja umeanza kuwa mweusi kwa sababu ya soketi iliyolegea, na soketi hiyo nayo fundi ameshaibadilisha.