Tangi la chuma cha pua lenye kitako cha umbo la pia: kagua valvu kwanza

Ukipika bia lita 20 kwa mkupuo, chukua tangi la kuchachushia la lita 27 au zaidi, kwani povu linahitaji nafasi. Hili langu ni la chuma cha pua daraja la 304, na kitako chake kina pembe ya nyuzi 60, hivyo hamira na mashapo huteleza hadi chini badala ya kung'ang'ania ukutani. Nafungua valvu ya chini taratibu, uchafu unatoka, bia inabaki palepale. Raha tupu!

Ila valvu iliyokuja na tangi sikuipenda hata kidogo. Ni ya tufe lenye tundu linalozungushwa kufungua na kufunga, na bia hujificha nyuma ya tufe lenyewe, pasipofikika kwa brashi. Nimeweka ya kipepeo, yaani yenye kisahani kinachogeuka ndani, ya inchi 1.5, inayoshikwa kwa kibanio na gasketi. Naifungua, naiosha, nairudisha. Nimeongeza na koili ya maji baridi, maana joto likizidi hamira huharibu ladha. Mrija wa kutolea bia unaozungushika ni wa lazima, jamani. Dirisha la kioo liache tu. Na usioshe kwa dawa ya klorini: hutoboa chuma hiki vitundu vidogovidogo.