Mashine za kusikia za mama na kadi ya riba sifuri niliyonyimwa

Mtaalamu wa usikivu aliyempima mama nampa nyota tano. Mpango wa malipo wa kituo hicho hicho naupa mbili. Sikutaka kuzichanganya nikapata tatu na nusu, kwa sababu atakayesoma wastani huo hataelewa kilichotupata. Chumba kimoja tulihudumiwa vizuri mno, kisha tukavunjwa moyo kwenye meza iliyo hatua chache kutoka hapo.

Mama ana miaka 74. Kwa miaka miwili hivi alikuwa akijitenga nasi kidogo kidogo. Aliacha kupokea simu, akaacha kukaa sebuleni wageni wakija, na sisi watoto wake tukasema ni umri, amechoka na kelele. Kipimo kilichukua karibu saa nzima. Mtaalamu alimkalisha katika chumba kisichopitisha sauti, akamvalisha vipokea sauti na kumwomba abonyeze kitufe kila anaposikia mlio, hata uwe hafifu namna gani. Alipomaliza alitugeuzia karatasi yenye mchoro, akatuonyesha jinsi mstari unavyoporomoka upande wa kulia, upande wa sauti nyembamba. Sauti nzito mama anazisikia, ndiyo maana anajua kwamba mtu anaongea. Zinazompotea ni zile konsonanti nyepesi kama s, f na sh. Kwake "shika" na "fika" lilikuwa neno moja. Nilikumbuka ni mara ngapi nimempandishia sauti nikidhani hataki kunisikiliza, na moyo ukaniuma pale pale.

Akamvalisha mashine za majaribio, akazirekebisha kwa kompyuta, kisha akaongea naye akiwa nyuma yake, asimwone midomo. Mama alijibu. Akaniangalia, akaniuliza, "Mwanangu, hiyo saa ya ukutani ilikuwa inalia muda wote huu?" Kwa dakika hizo peke yake naweza kumtuma mtu yeyote kwenye kituo kile.

Tukapelekwa mezani. Bei ya mashine mbili ilikuwa kubwa kuliko akiba yangu, na sikuficha. Kijana wa mapokezi akasema kwa upole, "Dada, usiwe na wasiwasi. Unalipa kidogo kidogo kwa miezi 12, riba sifuri." Akanisogezea kompyuta ndogo ya mkononi nijaze jina, anwani, mwajiri, kipato na kodi ya nyumba. Nilijaza nikiamini naandikiwa ratiba ya malipo ya kituo. Hakuna aliyeniambia kwamba naomba kadi ya mkopo kwa benki nisiyowahi kuwa na akaunti nayo, na kwamba benki hiyo itafungua kumbukumbu zangu za mikopo papo hapo. Yaliandikwa, ndiyo, kwa herufi ndogo juu ya kitufe cha mwisho. Lakini mtu aliyekaa na mama yake mwenye furaha mpya usoni hasomi herufi ndogo, na anayetengeneza fomu ya namna ile anajua hivyo.

Jibu lilikuja kabla hata sijarudisha kompyuta mezani. Kijana akalisoma kwa sauti: "Samahani, ombi lako halikukubaliwa." Mama bado alikuwa na mashine masikioni. Alisikia kila neno. Kisha zikavuliwa, zikarudishwa kwenye kasha lake, na safari ya kurudi nyumbani tukawa tunaongea kwa ishara kama zamani.

Hapo ndipo nyota za kwanza zilipopotea, na nyingine ikaondoka sekunde chache baadaye. Kijana aliniambia, "Tunazo benki nyingine mbili, tujaribu moja baada ya nyingine." Mama alinivuta mkono tukaondoka, na namshukuru. Kila ombi la mkopo linalofika hadi kwenye upekuzi kamili huacha alama kwenye ripoti yako. Kwenye ripoti za Marekani, kwa mfano, alama hiyo hukaa miaka miwili, na FICO, mfumo unaotumiwa na wakopeshaji wengi huko kumpa mkopaji alama, huihesabu kwa miezi 12. Moja si jambo kubwa. Tatu ndani ya dakika kumi, juu ya kukataliwa ambako hujajua sababu yake, ni kumharibia mteja njia ili uuze leo. Sidhani kijana yule alikuwa na nia mbaya. Nadhani hakufundishwa, na aliyepaswa kumfundisha ndiye ninayemlaumu.

Siku nane baadaye ikaja barua ya benki, ukurasa mmoja. Nilikuwa nimeshajisemea kwamba sitaifungua. Nakuomba wewe uliyekataliwa, ifungue. Ilitaja sababu mbili, ikataja taasisi ya taarifa za mikopo iliyotumika, na ikatoa namba ya simu ya kitengo cha maombi. Sababu ya kwanza: deni la kadi ni kubwa likilinganishwa na kikomo, yaani kiasi cha juu ninachoruhusiwa kukopa kwenye kadi. Ya pili: akaunti iliyochelewa kulipwa.

Ile ya kwanza ilinishangaza, kwa kuwa kadi yangu moja niliyonayo naimaliza kila mwezi, sijawahi kulipa riba hata mara moja. Nikapiga simu. Mwanamke aliyepokea, kwa alama zangu mimi, ndiye mhudumu bora katika mkasa huu wote. Hakunisomea maandishi. Alisema, "Nieleze unalipa tarehe ngapi." Nikamweleza: taarifa ya mwezi ikifika, nalipa yote ndani ya wiki. Akanifafanulia kwamba kadi nyingi hupeleka salio kwenye taasisi ya taarifa za mikopo siku ile taarifa ya mwezi inapofungwa. Mimi natumia kadi kwa kila kitu, kikomo chake ni kidogo, kwa hiyo siku ya kufunga hesabu huonekana nimekula karibu asilimia 90. Wiki moja baadaye ni sifuri, ila siku hiyo hakuna anayepiga picha. Akaniambia nilipe sehemu kubwa siku chache kabla ya kufunga, kisha nimalizie kilichobaki taarifa ikitoka. Jambo dogo hivyo. Miaka yote nimekuwa mlipaji mwaminifu ninayeonekana kama mtu aliyezama, na hakuna aliyewahi kuniambia.

Uzito wa jambo lenyewe si mdogo. Kwenye alama za FICO, historia ya kulipa kwa wakati huchangia asilimia 35 na kiasi unachodaiwa asilimia 30. Mimi nilikuwa nimeguswa kote kuwili.

Sababu ya pili ilikuwa kosa tupu. Nilipohama nyumba nilifunga huduma ya intaneti na kulipa salio la mwisho. Risiti ninayo. Kampuni haikufuta deni, na kwa kuwa barua zilikwenda anwani ya zamani, sikujua kwamba nimeandikwa mdaiwa. Niliomba ripoti yangu, nikaiona mstari kwa mstari, nikaandika pingamizi na kuambatanisha risiti. Baada ya takriban wiki tatu lilifutwa. Ukitaka kuandika pingamizi, andika kuhusu mstari mmoja tu unaoupinga, taja namba ya akaunti kama ilivyo kwenye ripoti, na usimwage historia yote ya uchungu wako. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa kurasa tatu. Niliyoipeleka ilikuwa na sentensi tano.

Kuhusu haki ya kupewa sababu, watu wengi wanadhani ni hisani. Marekani mkopeshaji ana siku 30 za kukujibu baada ya kupokea ombi lililokamilika, na kukwambia tu kwamba hukufikisha alama zinazotakiwa hakutoshi kisheria. Lazima sababu zenyewe zitajwe, au uambiwe kuwa unaweza kuziomba. Chini ya sheria ya mwaka 1970 inayoitwa Fair Credit Reporting Act, ukikataliwa kwa sababu ya ripoti una siku 60 za kuomba nakala yake bure. Katika Umoja wa Ulaya, maelekezo kuhusu mikopo ya walaji, tangu yale ya mwaka 2008, yanamtaka mkopeshaji aliyekataa ombi kwa kutegemea kanzidata amwarifu mwombaji bila kuchelewa, bila malipo, matokeo ya upekuzi na kanzidata iliyotumika. Mahali pengine utaratibu ni tofauti, lakini swali la kuuliza ni lile lile popote ulipo: mmeona nini, na mmekiona wapi?

Sasa nije kwenye hiyo "riba sifuri" yenyewe, maana hapa ndipo ninapotaka usome taratibu.

Wakati nasubiri pingamizi lijibiwe, nilisoma mkataba ambao nisingekataliwa ningeshausaini. Haikuwa riba sifuri. Ilikuwa riba iliyoahirishwa, na ni vitu viwili mbalimbali kabisa. Tuseme deni ni 1,200, kwa sarafu yoyote, na riba ya kadi ni asilimia 24 kwa mwaka. Unalipa 95 kila mwezi bila kukosa hata mara moja. Miezi 12 ikiisha umelipa 1,140, umebakiwa na 60. Ingekuwa riba sifuri ya kweli, riba ingeanza kuhesabiwa kuanzia hapo, juu ya hiyo 60 tu. Kwenye riba iliyoahirishwa wanarudi hadi siku ya kwanza na kukutoza riba ya kila mwezi uliopita, kwa salio ulilokuwa nalo mwezi huo. Nilipopiga hesabu nilipata zaidi ya 160. Umebakisha 60, unadaiwa zaidi ya 220. Tena kiwango cha chini cha malipo kilichoandikwa kwenye mkataba, ukikizidisha mara 12, hakifikii bei ya mashine. Yaani anayelipa kile anachoambiwa alipe, na kwa wakati, ndiye anayeishia kutozwa riba yote.

Nimekaa na hesabu hiyo usiku nikiwaza wazee wanaokaa kwenye ile meza kila siku. Wengine hawasikii vizuri maneno wanayoambiwa. Ndicho kilichowapeleka pale. Meza ya kituo cha usikivu ingepaswa kuwa mahali ambapo masharti ya mkopo yanasemwa polepole na wazi kuliko mahali pengine popote. Hili ndilo lililonikera kuliko kukataliwa kwenyewe.

Kosa lilipofutwa nilimpigia yule mama wa benki. Ombi langu lilipitiwa upya na mtu, bila upekuzi mwingine, na safari hii likakubaliwa. Kikomo walichonipa kingetosha theluthi mbili ya bei. Nilimwuliza moja kwa moja, "Hii ni sifuri au imeahirishwa?" Akajibu bila kuzunguka, "Imeahirishwa." Nikamshukuru, nikamwambia sihitaji kadi.

Kisha nikafanya nililopaswa kufanya siku ya kwanza. Nilimwandikia msimamizi wa kituo, nikamweleza nina theluthi moja mkononi, na nikauliza kama wanaweza kunipangia kilichobaki kwa awamu sita wenyewe, bila benki. Alijibu kesho yake: wanaweza, utaratibu upo, una fomu ya ukurasa mmoja. Ulikuwepo siku ile mama alipovuliwa mashine.

Sababu ya kutotajiwa naielewa. Benki ikikubali, kituo hulipwa chake mara moja, ikikatwa ada, na hatari ya mteja kushindwa kulipa inahamia benki. Awamu za kituo zinakiacha kituo kikisubiri. Ni biashara, na sitegemei waanze kwa kuninadia njia inayowachelewesha. Ila mteja akishakataliwa mbele ya mama yake, njia ya pili ya kutaja ilikuwa hiyo, kabla ya benki nyingine mbili.

Fomu ile nimeisoma yote kabla ya kusaini. Hakuna riba. Ukichelewa kuna faini ambayo haibadiliki kwa ukubwa wa deni, na mashine zinaendelea kurekebishwa bure kwa mwaka mzima hata kama hujamaliza kulipa. Nimepewa nakala. Msimamizi ameniambia kwamba sasa wanaitaja mezani. Nikisikia kwa mtu mwingine aliyekwenda kwamba kweli ametajiwa, nitarudi kuongeza nyota ya tatu.

Kama unakwenda kwao, omba upimwe na yule mtaalamu wa chumba cha mwisho, mwenye subira. Ukifika mezani uliza mapema: hii ni ratiba yenu au ni kadi? Kama ni kadi, ni ya benki gani, mtanipekua sasa hivi, na salio likibaki mwezi wa mwisho riba inahesabiwa tangu lini? Ukijibiwa kwa kugeuziwa kompyuta ujaze, simama.

Awamu ya nne nimelipa wiki iliyopita, zimebaki mbili. Jana mama alinipigia simu mwenyewe, kunikumbusha tarehe ya awamu ya tano.